Leseni Mkononi, Ajira Bado: Mazungumzo na Wazazi na Vijana Wanaoingia Katika Urubani



Huenda baadhi yenu mkashangaa kuona ofisi ya kutetea haki za mlaji ikijitokeza kuzungumzia kazi ya urubani. Kwa mazoea, mlaji aliyedhulumiwa ni yule aliyeuziwa simu mbovu au mfuko wa saruji uliopungua uzito. Lakini mafunzo ya urubani nayo ni huduma inayouzwa na kununuliwa, na kwa familia nyingi hapa Tanzania hushindana na ujenzi wa nyumba kwa ukubwa wa gharama. Bei yake huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola za Marekani. Shamba huuzwa, kiinua mgongo hutumika, ndugu huchangishana. Kijana hurudi na leseni, picha hupigwa, pilau huliwa. Na mwaka unapopita yungali nyumbani, akituma barua za maombi zisizojibiwa.

Jambo tulilokuja kulisema ni kwamba leseni ya rubani wa biashara ni ruhusa ya kulipwa kwa kurusha ndege, wala si hakika kwamba yupo mtu aliye tayari kulipa. Kati ya siku ya kuipokea na siku ya kuajiriwa na shirika kubwa kuna kipindi cha miaka kadhaa ambacho vipeperushi vya shule hukipita kwa sentensi moja. Katika kipindi hicho ndipo fedha za familia hupotea kwa urahisi, kwa kuwa hapo kijana ana hamu kubwa, ana deni, na yuko tayari kutia sahihi chochote.

Tuanze na hesabu ya saa, maana ndiyo fedha ya soko hili. Viwango vya kimataifa vimewekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa Chicago wa 1944, na nchi nyingi, yetu ikiwamo, hujenga kanuni zao juu ya msingi huo. Leseni ya rubani wa biashara hudai umri wa miaka 18 na saa 200 za kuruka, au saa 150 kwa aliyefuata mafunzo kamili katika chuo kilichoidhinishwa. Leseni ya daraja la juu kabisa, ambayo mtu huihitaji ili awe rubani mkuu wa ndege kubwa ya abiria yenye marubani wawili, hudai umri wa miaka 21 na saa 1500. Aliyemaliza na saa 200 amebakiza saa 1300. Hakuna familia ya kawaida inayoweza kuzinunua saa hizo shuleni. Hupatikana kazini, na kazi zenyewe hutaka mtu mwenye saa.

Ni kweli kwamba kisheria mwenye leseni ya biashara anaweza kuwa rubani msaidizi wa ndege kubwa kabla ya kufikisha saa 1500, mradi ameongeza idhini ya kuruka kwa kutegemea vyombo na idhini ya aina ya ndege inayohusika. Lakini sheria ni kima cha chini. Juu yake mwajiri huweka kiwango chake, kampuni ya bima huweka chake, na mteja anayekodi ndege, awe kampuni ya madini au shirika la misaada, naye huweka chake. Kijana aliyesoma kanuni peke yake hudhani mlango u wazi. Akifika huukuta umefungwa na mtu asiyetajwa popote katika kanuni hizo.

Hapa tuseme neno kuhusu video za mtandaoni, kwa sababu vijana wetu wengi huzitazama na kupanga maisha yao kwa kuzifuata. Nyingi zimetengenezwa na marubani wa Marekani. Huko, baada ya ajali ya ndege ya Februari 2009 karibu na Buffalo iliyoua watu 50, Bunge lilitunga sheria mwaka 2010, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la ndege la abiria hutakiwa, isipokuwa kwa makundi machache yaliyopunguziwa, awe na saa 1500. Ndiyo maana vijana wa huko hufundisha wanafunzi, huvuta mabango ya matangazo angani, hupandisha watu wanaoruka kwa miavuli. Shule za urubani ni nyingi mno huko, na wakufunzi huhitajika kila siku. Mtanzania aliyesomea huko hana haki ya kubaki na kufundisha kwa sababu tu ana leseni yao. Viza ya mwanafunzi hufungua dirisha dogo la mafunzo ya kazini, kisha hulifunga. Afrika Kusini nayo ina masharti yake ya kibali cha kazi. Anayewaambia kwamba mtoto atajipatia saa zake kwa kufundisha ughaibuni, mwombeni awaonyeshe kwa maandishi ni kwa kibali gani.

Basi hapa kwetu njia ni zipi? Iliyo pana zaidi ni ile ya ndege ndogo za kukodi na za watalii. Mmeziona Arusha, Dar es Salaam na Zanzibar: Cessna 208 Caravan, yenye injini moja ya pangaboi, inayobeba takriban abiria 12 na kutua katika viwanja vya changarawe na nyasi. Huenda Seronera, huenda Mafia na Pemba, huenda kwenye kambi za kusini. Ndege hii imeruhusiwa kurushwa na rubani mmoja. Kwa hiyo mwajiri anapompa kijana Caravan, anampa abiria wote, mvua yote ya njiani, na pundamilia waliosimama katikati ya kiwanja, akiwa peke yake. Tusiwalaumu waajiri wanaosita kumkabidhi mtu mwenye saa 200.

Ndiyo sababu wengi walioajiriwa katika njia hii walianzia chini. Walipima mizigo, walipanga orodha za abiria, walijibu simu za wahudumu wa kambi, wakisubiri nafasi ya kuketi kiti cha kulia. Hatuioni njia hiyo kuwa ya aibu. Kijana hujifunza uzito na mizania, hujua viwanja vipi hujaa maji masika, na wenye kampuni humjua tabia yake kabla ya kumjua ujuzi. Neno letu ni moja tu: iandikwe. Mkataba useme analipwa kiasi gani kwa kazi ya ardhini, ni baada ya muda gani ataanza kuruka, na itakuwaje ikiwa muda huo utapita. Tumeona vijana waliopima mizigo miaka miwili bila mshahara kwa ahadi ya mdomo tu, na meneja aliyeitoa ahadi hiyo ameshahama.

Msimu nao ni wa kuzingatiwa. Watalii ni wengi kuanzia Juni hadi Oktoba, kisha mwishoni mwa Desemba na baada ya hapo. Machi hadi Mei mvua hunyesha, kambi nyingi hufungwa, ndege hupumzika. Anayebisha hodi Agosti huwakuta watu wana kazi nyingi mno hata hawawezi kumsikiliza, na nafasi zimejaa. Barua ipelekwe kabla msimu haujaanza, na aende mwenyewe, kwani katika kampuni zenye ndege chache uso huonekana kuliko wasifu uliotumwa kwa baruapepe.

Sasa tufike katika kiti hicho cha kulia, kwa sababu kinauzwa. Wapo wanaotangaza kwamba kijana akilipa, ataketi pembeni ya rubani wa Caravan au ndege inayofanana nayo kwa saa 100 au 200, na saa hizo ataziandika katika daftari lake. Mzazi mmoja, mwalimu mstaafu, alitufikia akiwa na risiti za malipo ya namna hiyo. Mwanawe aliruka saa zote alizolipiwa. Katika hilo hakudanganywa. Kilichomshtua ni kilichofuata, pale saa zilipokaguliwa na kuonekana kwamba hazihesabiki kama alivyodhani.

Kanuni ya ICAO kuhusu jambo hili ni fupi, na tungependa kila mzazi aijue. Ndege ikiwa imeruhusiwa kurushwa na rubani mmoja, lakini mamlaka ya nchi ikataka iwe na rubani msaidizi, basi msaidizi huyo huhesabiwa kwa leseni ya juu si zaidi ya nusu ya saa zake. Nchi inaweza kuzikubali zote ikiwa ndege ina vifaa vya rubani wa pili na inaendeshwa kwa utaratibu wa marubani wawili. Na ikiwa hakuna sheria yoyote iliyomhitaji msaidizi katika safari hiyo? Hapo aliyeketi kulia, kwa macho ya kanuni hiyo, hana saa za rubani msaidizi za kudai. Yu karibu sawa na abiria mwenye mandhari nzuri. Mkataba wa mwalimu yule ulisema kijana atapata “saa 100 za uzoefu”. Haukusema popote saa 100 zitakazohesabiwa. Neno moja hilo lilitosha kuyadhoofisha madai yake, na fedha zilizorudi zilikuwa sehemu ndogo tu.

Kwa hiyo kabla ya kulipia kiti cha aina hiyo, muulizeni muuzaji aandike ni kwa kanuni gani saa zitahesabiwa, nusu au zote, kisha mwipeleke karatasi hiyo kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ambao ndio watoaji wa leseni, mwulize kama ni kweli. Muuzaji mkweli hatakasirika. Kwa maoni yetu, hata saa hizo zikihesabika, kijana anayemlipa mwajiri ili afanye kazi ambayo mwingine angelipwa kwayo anashiriki kuibomoa ajira anayoitafuta.

Yapo mauzo mengine ya jamii hiyo hiyo. Lililo ghali zaidi ni kozi ya idhini ya ndege kubwa, Boeing 737 au Airbus A320, inayouzwa kwa kijana mwenye saa 200 asiye na mwajiri. Kozi ni ya kweli na cheti ni cha kweli. Lakini idhini hiyo huhitaji kuthibitishwa upya kwa mtihani, kwa kawaida kila mwaka, na mtihani hufanywa katika kifaa cha kuiga ndege ambacho kukikodi ni ghali. Asiyepata kazi upesi hulipa tena ili kukitunza kitu asichokitumia, au hukiacha kife. Shirika linalomtaka mtu kwa kawaida humpeleka lenyewe katika kozi ya ndege yake, na kumfunga kwa mkataba wa miaka kadhaa ya utumishi. Mkataba huo nao usomwe: deni lipungue kadiri miezi ya kazi inavyopita, na useme wazi kama kijana atadaiwa pale kampuni yenyewe inapomwachisha kazi. Mwaka 2020, ndege ziliposimama duniani kote kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, kifungu hicho kiliacha kuwa jambo la nadharia.

La mwisho katika kundi hili ni saa za kalamu, yaani saa zilizoandikwa daftarini bila kurukwa. Hapo hatuzungumzi tena kama watetezi wa mlaji. Ni kughushi, huweza kumpotezea mtu leseni, na abiria ndio hulipa gharama ya ujuzi usiokuwapo.

Njia ya pili ni kufundisha. Mwenye leseni ya biashara huongeza mafunzo ya ukufunzi, kisha hurusha ndege ndogo na wanafunzi, na saa za ndege ni zake pia. Tunaipenda njia hii kwa kuwa humfanya mtu alijue somo lake hasa. Lakini fanyeni hesabu. Mkufunzi anayeruka saa 50 kwa mwezi huzimaliza saa 1300 kwa miezi 26. Anayeruka saa 20 kwa mwezi atahitaji miezi 65, yaani miaka mitano na zaidi. Tofauti haitokani na bidii yake. Hutokana na idadi ya wanafunzi, ndege zilizo nzima, na mafuta. Ndege nyingi za mafunzo hutumia petroli maalumu ya ndege, avigasi, ambayo si sawa na mafuta ya taa ya ndege yanayotumiwa na Caravan na ndege kubwa. Soko lake ni dogo, na inapoadimika shule husimama wakati ndege za abiria zinaendelea kupaa juu ya vichwa vyao. Kabla ya kulipia kozi ya ukufunzi, kijana aulize wakufunzi waliopo waliruka saa ngapi mwezi uliopita. Aulize wakufunzi wenyewe, si ofisi ya masoko.

Njia nyingine tutazipita kwa haraka. Huduma za ndege za wagonjwa, kama zile za AMREF Flying Doctors za Nairobi, ndege za kimisheni za MAF, na ndege za Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki, zinazonyunyizia pia kweleakwelea mashambani, ni kazi za heshima. Lakini kwa kawaida huhitaji watu waliokwisha kukomaa, wala si mlango wa mtu wa saa 200. Mafunzo yanayodhaminiwa na shirika la ndege ni mema sana yanapopatikana, na ushindani wake ni mkali. Asiahirishe mtu maisha akiyasubiri. Uwanja wa Wilson, Nairobi, una kampuni nyingi za ndege ndogo kwa pamoja, na vijana wetu huutamani. Tangu 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, na kanuni za nchi wanachama zimekaribiana. Hata hivyo leseni haivuki mpaka yenyewe. Itahitaji kutambuliwa na mamlaka ya nchi nyingine, na kibali cha kazi ni suala jingine kabisa.

Turudi kwa wazazi wanaoshika mfuko. Ushauri wetu ni kwamba fedha zisitumike zote kufikia leseni. Leseni iliyolala kabatini inaendelea kula. Cheti cha afya cha daraja la kwanza, kwa aliye chini ya miaka 40, hudumu miezi 12. Kiwango cha nne cha lugha ya Kiingereza, ambacho ndicho cha chini kinachokubalika, hupimwa tena baada ya miaka mitatu. Ili mtu aruhusiwe kubeba abiria ni lazima awe ameruka na kutua angalau mara tatu katika siku 90 zilizopita, na asiye na kazi hulipia miruko hiyo mwenyewe. Familia isiyoweka akiba ya miaka miwili ya gharama hizi, pamoja na nauli na chakula cha kijana anayezunguka viwanjani kutafuta kazi, imenunua nusu ya kitu.

Kwa ambao hawajaanza, kipimo cha afya kitangulie ada. Macho yasiyotofautisha rangi, moyo wenye hitilafu, historia ya kifafa: haya yajulikane kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka kabla senti haijatoka. Chuo kihakikishwe kwa TCAA kwamba kimeidhinishwa, na kwa aina ya kozi inayouzwa hasa. Bei ya saa iulizwe kwa undani: ni pamoja na mafuta au bila mafuta, na saa inaanza kuhesabiwa injini inapowaka au magurudumu yanapoondoka ardhini? Dakika 15 za kusubiri foleni kwenye njia ya ndege, zikizidishwa kwa safari 150, ni zaidi ya saa 37 za kulipia. Ulizeni shule ina ndege ngapi zinazoruka leo, si zilizopigwa picha. Lipeni kwa awamu zinazofuata hatua za mafunzo. Anayetaka ada yote mapema kwa punguzo la bei huenda ana shida ya fedha kuliko ninyi, na shule ikifunga milango mtakuwa wadai miongoni mwa wadai.

Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara, na tangazo la shule lisemalo “ajira uhakika” halina kinga kwa kuwa linahusu ndege. Lakini malalamiko husimama juu ya karatasi. Mtakapotufikia, leteni tangazo lenyewe kama lilivyochapishwa au kupigwa picha siku mlipoliona, mkataba, risiti zote, ujumbe wa simu, na kurasa za daftari la saa zinazohusika. Pale ahadi ilipotolewa kwa mdomo, mwandikieni mhusika siku hiyo hiyo ujumbe wa kumkumbusha alichosema, na mtunze jibu lake. Akinyamaza, mtunze huo mlioutuma. Tuleteeni nakala. Karatasi halisi zibaki nyumbani kwenu.